Bei ya nyumba ya mkimbizi isihesabiwe kwa kodi ya leo

"Mama, hiyo nyumba hailipi tena. Milango miwili tu ndiyo ina wapangaji, na hao wenyewe wanalipa nusu. Chukua elfu nne, uwahudumie watoto." Maneno ya namna hii, yakitoka kwa komisionere anayepiga simu kutoka Goma kwenda Nakivale au Bujumbura, yanasikika kama huruma. Pengine hata huruma imo. Lakini ndani yake kuna hesabu, na hesabu hiyo ina kosa linaloweza kuipokonya familia zaidi ya nusu ya mali yake bila mtu yeyote kuvunja mlango.

Familia nyingi zilizokimbia vita Kivu Kaskazini na Kivu Kusini hazikuacha nyumba ya kulala tu. Ziliacha magazini, depo, vyumba vya kupangisha, kiosiki kwenye kona ya barabara. Mali ya namna hiyo haipimwi kama nyumba ya kulala. Inapimwa kwa pesa inayoingiza, na anayenunua anajua kuipima. Anayeuza, mara nyingi, anajua tu aliijenga kwa dola ngapi.

Kipimo chenyewe si siri. Wanaonunua nyumba za biashara, iwe Kinshasa, Nairobi au London, huchukua kodi ya mwaka mzima, wakatoa matumizi yote ya nyumba, kisha kinachobaki wakakigawanya kwa bei. Nyumba ya dola 20,000 inayobakiza dola 2,000 kwa mwaka ina kiwango cha asilimia 10. Wataalamu wanaita kiwango cha kapitalizasioni. Jina ni refu kuliko jambo lenyewe.

Hesabu hiyo hugeuzwa pia, na hapo ndipo bei huzaliwa. Mnunuzi akisema anataka asilimia 10, atalipa mara kumi ya kile nyumba inachobakiza kwa mwaka. Akitaka asilimia 20, atalipa mara tano tu. Kwa hiyo kiwango kikipanda, bei inashuka. Watu wengi wakisikia nyumba fulani "inalipa asilimia 25" wanafurahi, wakidhani ni nyumba nzuri sana. Mara nyingi ni kinyume. Ni nyumba ambayo wengine wameiogopa, kwa sababu ya vita, karatasi zisizoeleweka, au mtaa ambao wateja wameuhama. Kiwango kikubwa ni malipo ya woga.

Chukua mfano wa nyumba yenye milango mitatu ya biashara upande wa Birere, tarakimu zikichaguliwa ili kuhesabu kuwe kwepesi. Mwaka wa kawaida kila mlango unapangishwa dola 150 kwa mwezi. Yote ni dola 450 kwa mwezi, dola 5,400 kwa mwaka. Wengi huishia hapo na kuita hiyo faida. Bado. Kila mlango hukaa mtupu walau mwezi mmoja wapangaji wanapobadilishana, kwa hiyo zinazoingia kweli ni 4,950. Iko takse ya mapato ya upangishaji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 22: dola 1,089. Mlinzi wa usiku, dola 40 kwa mwezi, anachukua 480. Mabati yanayovuja, choo, kufuli, rangi: 381. Kinachobaki ni dola 3,000. Kwa kiwango cha asilimia 10, nyumba hiyo ina thamani ya dola 30,000.

Sasa vita. Mwishoni mwa Januari 2025 AFC/M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Banki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji zikavunjwa. Mfanyabiashara asiyepata pesa zake banki halipi kodi ya dola 150. Mlango mmoja unafungwa, miwili iliyobaki inashuka hadi dola 75. Kwa mwaka ni dola 1,800. Toa takse 396, toa mlinzi 480, toa matengenezo madogo 204. Zinabaki dola 720.

Hapo ndipo mnunuzi anafanya hesabu yake. Anachukua dola 720. Kisha anasema, na anasema kwa haki, kwamba kununua nyumba katika mji wenye vita ni hatari, kwa hiyo hawezi kukubali asilimia 10, anataka 18. Dola 720 zikigawanywa kwa asilimia 18 zinatoa 4,000. Kutoka 30,000 hadi 4,000, na kila hatua ilionekana ya haki.

Kosa ni hili: vita imehesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza imeshusha kodi kutoka 150 hadi 75 na kufunga mlango mmoja. Mara ya pili imepandisha kiwango kutoka 10 hadi 18. Mtu anayegawanya kodi ya leo kwa kiwango cha woga anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba biashara itabaki chini hivi milele, na kwamba juu ya hayo anastahili kulipwa kwa hatari ya kwamba itaharibika. Achague moja. Akiamini kodi itabaki dola 720 milele, basi ubaya wote umeshahesabiwa ndani ya kodi, atumie kiwango cha kawaida, na bei ni 7,200. Akitaka kiwango cha 18, atumie pato la mwaka wa kawaida, dola 3,000, na bei inakuwa karibu 16,700.

Hata kuna njia ya tatu, iliyo na uaminifu zaidi, kwa kuwa haimwombi mtu ajifanye kwamba leo ni mwaka wa kawaida. Nyumba ikae katika hali hii mbaya miaka mitatu mizima, ikibakiza dola 720 kila mwaka, kisha ndipo irudi kwenye 3,000. Na mnunuzi apewe asilimia 18 zake bila mabishano. Dola itakayokuja baada ya miaka mitatu haina uzito wa dola iliyo mkononi. Kwa mtu anayetaka asilimia 18 kwa mwaka, ni kama senti 61 za leo. Ile thamani ya 16,700 ya baada ya miaka mitatu inashuka hadi karibu 10,100. Ongeza kodi ndogo za miaka hiyo mitatu, nazo zikipunguzwa vilevile, karibu 1,600. Bei ni karibu dola 11,700. Miaka mibaya ikiwa mitano badala ya mitatu, bado ni karibu 9,500. Komisionere alisema elfu nne.

Kwa nini basi elfu nne zinakubaliwa? Kwa sababu mwenye pesa taslimu ndiye mfalme pale banki zinapofungwa. Wanaoweza kununua ni wachache, wanaotaka kuuza ni wengi, na anayeuza yuko mbali, ana mtoto mgonjwa, au amechoka kulala chini ya hema. Bei ya namna hiyo haitoki kwenye nyumba. Inatoka kwenye njaa ya muuzaji, ikavalishwa nguo ya hesabu.

Wapo watakaosema kwamba hakuna mwenye hakika kodi zitarudi. Ni kweli. Lakini Goma imeshapigwa zaidi ya mara moja. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya mji, ikafunika maduka na kipande cha uwanja wa ndege, ikafika ziwani. Mtu aliyeangalia mawe yale meusi siku ile angeapa kwamba hakuna atakayelipa kodi pale tena. Watu walijenga juu ya mawe hayohayo, mengine wakayavunja kuwa matofali, na miaka iliyofuata kodi za katikati ya mji zilipanda kupita zile za zamani. Biashara ya Goma inafuata mpaka, ziwa na njia za kwenda Masisi na Rutshuru. Hivyo havikuhama.

Hata hivyo muuzaji naye asijidanganye, kwa sababu kupanda kule kulikuwa na sehemu ya uongo. Baada ya 2002 mji ulijaa mashirika ya misaada na watu wa Umoja wa Mataifa, na nyumba zilizowapangisha zilidai kodi ambayo hakuna mwalimu wala mchuuzi wa Goma angeweza kulipa. Wenye nyumba wakazoea, wakajenga ghorofa, wengine wakakopa wakitegemea kodi hiyo. Kisha MONUSCO ikaondoka Kivu Kusini Juni 2024, na Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi yakapunguza kazi au kufunga biro. Nyumba iliyokuwa ikipangishwa na shirika kwa dola 2,000 haistahili kuhesabiwa kwa dola 2,000. Mwaka wa kawaida ni ule ambao mlipaji ni mfanyabiashara wa unga, muuza simu, fundi cherehani. Familia inayotafuta bei yake ya haki ianzie hapo, la sivyo nayo itakuwa inacheza mchezo uleule wa komisionere kwa upande mwingine.

Jambo lingine ambalo mnunuzi ana haki ya kuliogopa ni karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ya Kongo ni ya Dola, na haki ya mtu juu ya parseli yake inathibitishwa na setifika ya usajili. Wengi hawana setifika. Wana karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa avenyu, au fishi ya parseli, basi. Mwenye setifika na mwenye karatasi ya shefu hawawezi kuuza kwa kiwango kimoja hata nyumba zao zikiwa ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo familia iliyokimbia na setifika ndani ya mfuko wa plastiki imebeba maelfu ya dola pasipo kujua, na haifai kumtumia komisionere picha yake kwenye simu kabla bei haijazungumzwa. Tena Kanuni ya Familia inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla ya kuhamisha haki ya ardhi. Mume aliyeko Kampala hawezi kuuza peke yake nyumba ya ndoa wakati mke yuko Minova. Anayenunua kwa haraka bila sahihi ya mke ananunua kesi.

Neno gumu linabaki: njaa haingoji miaka mitatu. Mama mwenye mtoto hospitalini haambiwi asubiri Birere ifufuke. Ila kati ya kuuza yote kwa elfu nne na kufa njaa kuna njia ambazo komisionere hana faida ya kuzitaja. Nyumba ya milango mitatu inaweza kuuzwa mlango mmoja, ikiwa parseli inaruhusu kugawanywa. Kwa hesabu ya miaka mitatu mibaya, theluthi ya dola 11,700 ni dola 3,900, karibu ileile elfu nne, na milango miwili inabaki ya familia. Au mpangaji aliyepo apewe mkataba mrefu kwa kodi ya chini, alipe mwaka mzima mbele, atengeneze mabati kwa pesa yake na kukatwa kwenye kodi, naye awe jicho la mwenye nyumba ili pasiwe na mtu wa kuingia na kudai ni pake. Au ndugu aliyebaki mjini apewe prokurasioni iliyoandikwa, yenye kikomo: apokee kodi, alipe mlinzi, asiweze kuuza.

Na simu ikiita tena, jibu linaweza kuwa la heshima. "Papa, sijakataa kuuza. Niambie kwanza: umehesabu kodi ya mwezi gani, na unataka asilimia ngapi?" Mnunuzi wa kweli atajibu, na mazungumzo yataanza. Mwingine atasema mtandao ni mbaya na kukata.