Usafi wa programu una wakati wake

Hapa Sigowet hatupogoi chai ikiwa imenawiri, inangoja kuchumwa. Lakini cheki vijana kwenye programu za pamoja, kama Ushahidi iliyoanzia Kenya 2008 na ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Mtu anatuma marekebisho ya kosa moja, kumbe amepanga upya nafasi za mistari kwenye faili 40. Anayekagua ataliona wapi hilo kosa? Na wenzake ambao kazi yao haijaunganishwa watagongana naye kila mahali.

Usafi utume peke yake, foleni ikiisha, mkiwa mmekubaliana. Eti utaficha nani aliandika mstari upi? Tangu 2019 Git inaweza kuyaruka mabadiliko kama hayo. Ila wiki ya kutoa toleo jipya, bana, acha hizo nafasi zikae vibaya tu.