MAKUTA NA JAMAA: Bitcoin itadumu ao itakufa?

Kijana moja wa Lubarika amerudi kutoka machimbo ya zahabu na akiba kidogo. Sasa yuko na mabishano na baba yake. Baba anataka wanunue ng'ombe. Kijana anataka kununua bitcoin, ile feza isiyoshikwa na mkono, inayotembea kwa telefone na mashine tu. Usiwacheke. Kila moja iko na sababu.

Tusikilize kijana kwanza. Bitcoin ilianza mwaka 2009. Kanuni yake inasema hazitapita milioni 21, na hakuna mkubwa wa inchi anayeweza kuamuru nyingine zichapwe. Sisi tunajua uchungu wa feza iliyochapwa ovyo. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola 2. Mwaka 1993, zaire za zamani milioni 3 zikageuka zaire mpya moja. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikageuka faranga moja ya Kongo. Hesabu mwenyewe: zaire za kwanza miliari 300 ndani ya faranga moja! Mzee aliyeficha akiba yake chini ya godoro alikuta karatasi tupu.

Tena kijana anasema: hata kwetu imechimbwa. Ni kweli. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga ilianza kazi hiyo kule Luviro, Kivu ya Kaskazini, kwa umeme wa maji. Hapo hakuna beleshi wala shimo. Mashine zinafanya hesabu usiku na mchana, na anayeshinda hesabu analipwa bitcoin.

Sasa baba naye. Mwezi wa 11 mwaka 2021, bitcoin moja ilifika karibu dola 69.000. Mwaka moja nyuma yake ilikuwa chini ya 17.000. Mwezi wa 12 mwaka 2024 ikapita 100.000. Aliyeweza kungoja alifurahi. Lakini mwenye mtoto mgonjwa, ao mwenye kudaiwa feza ya masomo, angeuza siku ile ya hasara.

Je, sheria inaweza kuisaidia? Jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliifanya feza halali mwezi wa 4 mwaka 2022. Mwaka 2023 sheria ile ikaondolewa. Watu wengi kule hawana umeme wala intaneti. Na kwetu, mwaka 1993, serikali iliamuru zaire mpya. Watu wa Kasai wakaikataa, wakaendelea na ile ya zamani. Feza inaishi kwa mapatano ya wale wanaoipokea.

Utasema: mbona M-Pesa imeshinda? Ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu 2012. Lakini ile si feza mpya. Ni dola na faranga zetu zinazopita ndani ya telefone, na pale kwenye kibanda kuna mtu anayekuhesabia noti.

Basi, mawazo yangu ni haya. Bitcoin inaweza kudumu miaka mingi kama kitu cha kununua na kuuza, karibu sawa na zahabu. Lakini kudumu ni jambo moja, kutumika ni lingine. Kama mama wa mchele sokoni haipokei, kwako wewe bado ni bahati ya kubahatisha.

Kijana, usiweke humo feza ya chakula, ya dawa, ao ya deni. Ukipoteza neno la siri, hakuna ofisi ya kulalamikia. Na mtu akikuahidi faida kila mwezi, ao malipo kwa kuleta rafiki zako, mkimbie: huyo anakula makuta ya wa mwisho.

Ya kuzungumza nyumbani jioni: Akiba yetu iko wapi? Ikipotea kesho, ni nani atakayelala njaa?