Msifunge Banda la Gemu

Kwenye mkutano wa vijana hapa Thongpiny mwezi uliopita, mzee mmoja alisimama akasema mabanda ya gemu yafungwe. Hoja yake: vijana wanashinda mle na kontrola mkononi, wakitoka wanaendesha bodaboda kama wamerogwa. Watu wakapiga makofi. Wafanyakazi wawili wa mashirika wakaandika kwenye daftari. Mimi sikupiga makofi, na leo nasema kwa nini.

Mzee hajakosea yote, bana. Mdogo wangu alijifunza kuendesha ndani ya banda. Miaka yote ya Kakuma hakuwahi kushika usukani, lakini kwenye skrini alikuwa bingwa. Tulipokuja Juba akaazima pikipiki ya rafiki yake. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Rakasha ikamkatia mbele, naye akabana breki ya mbele yote kwa mara moja, vile alivyozoea kubonyeza kitufe. Tairi likagoma kuzunguka, likateleza kwenye tope. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Tulipokuwa tunambeba akaniambia, "Nilidhani itashika."

Kwenye gemu ingeshika. Na aliyeitengeneza hakuwa na nia mbaya. Dereva wa kweli anasikia kwa makalio gari likianza kuteleza. Anasikia usukani ukiwa mwepesi ghafla. Mchezaji amekaa kwenye benchi, mwili wake haupati habari yoyote, anaona picha tu. Kidole gumba nacho kinaruka kutoka kushoto hadi kulia kwa kufumba na kufumbua. Mpe gari la kweli, atapinduka kona ya kwanza, na kesho haleti hela. Kwa hiyo tairi linaongezewa mshiko, usukani unapunguzwa makali kasi ikipanda, na ukigonga ukuta unauteleza tu na kuendelea. Gran Turismo ilianza 1997, na ilijisifu kwa uhalisia. Lakini mpaka toleo la tano lilipotoka 2010 ndipo magari yake yalipoanza kubonyea. Race Driver: Grid ya 2008 iliweka kitufe cha kurudisha nyuma muda: umepinduka? Rudisha, jaribu tena.

Sasa toka nje. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na sekunde moja inaweza kuisha kabla hata mkono haujafika kwenye breki. Ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa breki kusimamisha chombo unakuwa mara nne, na hiyo ni kwenye lami kavu. Halafu sisi tuliokulia Kenya na Uganda tumezoea kukaa kushoto. Huku ni kulia, tangu Sudan ilipobadilisha upande 1973. Na magari mengi yanayoingia kutoka Uganda usukani wake uko kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Nimule, lazima achomoze karibu gari zima ndipo aone kinachokuja. Zile kilomita 192 za lami zimemeza watu wengi tangu zilipokamilika 2012.

Kwa hiyo nauliza wale waliopiga makofi: ukifunga banda, mtoto atajifunzia wapi? Si unaona, kosa haliko kwenye skrini. Kosa ni kwamba skrini ndiyo shule pekee aliyopewa. Gemu ina haki ya kusamehe, maana ni mchezo. Sisi wakubwa ndio tulioacha mchezo uwe mwalimu, halafu tunamlaumu mwanafunzi.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, msijicheke pembeni. Land Cruiser yenye mifuko ya hewa na mkanda nayo inamsamehe dereva wake. Inapopita kwa kasi kwenye mashimo ya mtaa huu, haimsamehi mama aliyebeba jerikeni. Mnatugawia makoti ya kung'aa na helmeti, asanteni. Lakini koti halimfundishi mtu kubana breki mbili pamoja, polepole, kabla ya kona na si ndani yake.

Tunachoomba si kikubwa. Kiwanja kitupu kimoja. Pikipiki moja nzee. Fundi mmoja wa bodaboda aliyezeeka kwenye kazi bila kuvunjika, alipwe Jumamosi mbili kwa mwezi. Ndoo chache za maji za kulowesha udongo, ili kijana ateleze akiwa mwendo wa kutembea, aanguke, aamke, ajue "haikushika" maana yake nini.

Mdogo wangu sasa anatembea na fimbo. Bado anaenda bandani. Siku hizi akicheza anazima visaidizi vyote, anapinduka kila kona, wenzake wanamcheka. Anawaambia wazime na wao. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa udereva kwenye banda lile, na amelipa ada yote peke yake.