CHUMVI YA GONJA NA CHUMVI YA PEMBA

Chungu cha makande kinapoinjikwa jikoni huko Gonja, mahindi na maharage huchemka kwa saa nyingi, na pengine hutiwa magadi kidogo ili maharage yalainike upesi. Chumvi hutiwa mwishoni. Mpishi huichota kwa vidole vitatu, huinyunyiza, kisha hufunika chungu chake na kwenda kushika kazi nyingine. Ni chumvi hiyo, ambayo haifikiriwi na mtu, tuliyokusudia kuizungumza leo.

Msomaji wetu wa visiwani ana haki ya kuuliza: Gonja iko wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare Kusini, makande ya Wapare yatuhusu nini sisi tulao muhogo kwa samaki? Tunamwomba avute subira.

Mwili wa binadamu huhitaji aidini, ambayo watu wetu wamezoea kuiita madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Mahitaji ya mtu mmoja kwa maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Lakini yakikosekana hayo machache, tezi ya shingoni huvimba ikijitahidi kufanya kazi bila zana, na huo ndio ugonjwa wa rovu. Rovu huonekana kwa macho, na kwa sababu huonekana, watu hudhani ndiyo madhara yote. Sivyo. Mama aliyepungukiwa mno na madini joto huweza kuharibu mimba, au kuzaa mtoto mfu, au mtoto asiyesikia na mwenye akili iliyodumaa. Hata pale upungufu usipokuwa mkubwa hivyo, mtoto huweza kwenda shule kila siku na asishike anachofundishwa, nasi tukamwita mvivu.

Kwa desturi maradhi haya yalihesabiwa kuwa maradhi ya milimani. Mvua za karne nyingi huosha madini joto kutoka katika udongo wa miteremko na kuyapeleka baharini. Mahindi, maharage na ndizi zinazooteshwa katika udongo huo hukosa kile ambacho udongo wenyewe hauna. Uswisi, nchi ya milima mirefu, ilikuwa na rovu nyingi hata ikaanza kuchanganya madini joto katika chumvi mwaka 1922. Hapa Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilishiriki katika juhudi za miaka ya 1980 za kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya mwanzo ya 1990 kazi ya kutia madini joto katika chumvi ikaanza. Matunda yake yalidhihirika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 ulikuta kaya 83.6 katika kila 100 zikitumia chumvi hiyo, na rovu miongoni mwa watoto wa shule imeshuka kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980 hadi karibu asilimia 7.

Sasa turudi visiwani. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba mtu wa Unguja au Pemba hana haja ya kuhangaika, kwani amezungukwa na bahari na mchuzi wake ni wa samaki. Mwaka 2001 watafiti waliwapima watoto wa shule. Walikuta rovu kwa asilimia 21.3 ya watoto wa Unguja na asilimia 32 ya watoto wa Pemba. Chumvi yenye madini joto ilikuwamo katika kaya 63.5 kati ya 100 kule Unguja. Pemba ilikuwamo katika kaya moja tu kati ya 100. Hizo ni hesabu za mwaka huo, wala hatudai kwamba hali haijabadilika tangu hapo. Lakini bahari ilikuwapo mwaka 2001 kama ilivyo leo, na haikuwakinga watoto wale.

Kwa nini? Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi na mikrogramu 60 hivi za madini joto. Tuseme yote yamebaki katika chumvi baada ya maji kukaushwa na jua, jambo ambalo si kweli, bado gramu 5 za chumvi hiyo zingempa mlaji mikrogramu zisizofika 9. Yeye anahitaji 150! Ongeza hapo muhogo mchungu usiorowekwa na kukaushwa barabara: sumu yake, hata ikiwa kidogo isiyomdhuru mtu papo hapo, huizuia tezi kupokea hata hayo machache yaliyopatikana. Samaki husaidia, lakini si kila nyumba inayopika samaki kila siku, ingawa wageni hudhani hivyo.

Wako watakaosema kwamba madaktari wanatukataza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu. Ni kweli, na tuile kidogo, isiyozidi gramu 5 kwa siku. Hiyo kidogo ndiyo inayopaswa kuwa na madini joto.

Lawama hatuwatupii wakulima wa chumvi. Mtu anayekinga maji ya bahari katika vijaruba na kuuza gunia kwa bei ndogo hawezi peke yake kununua dawa ya kuchanganya wala mashine ya kunyunyizia. Kuwafungia mashamba ni kuwaongezea umaskini. Kuwakusanya katika ushirika na kuwapatia dawa kwa bei wanayoimudu ni kazi ya serikali, nayo haihitaji kamati mpya.

Upimaji nao ni rahisi kuliko maofisa wetu wanavyouona. Matone machache ya dawa ya kupimia huigeuza chumvi yenye madini joto rangi ya zambarau. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Mwalimu akiwaambia wanafunzi walete chumvi kidogo ya nyumbani imefungwa katika karatasi, kwa asubuhi moja atajua hali ya kijiji kizima, iwe ni chumvi ya mfuko wa dukani au ile ya kupimwa kwa kikombe kutoka gunia lililoachwa wazi juani. Tunawaomba maofisa wa afya na wa elimu waanze Micheweni na waanze Gonja, katika muhula mmoja, na majibu yabandikwe katika ubao wa matangazo wa kila shule ili wazazi wayasome.