Usalama Usiwe na Ubaguzi

Mwezi Agosti 2016 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilianza kuuza simu iitwayo Galaxy Note 7. Haukupita muda, betri za baadhi ya simu hizo zikaanza kushika moto. Septemba 2 kampuni ikatangaza kubadilisha simu milioni 2.5 duniani. Hilo tunalisifu.

Lakini nchini China, mwezi huo, ziliitwa simu 1,858 tu, kwa maelezo kwamba nyingine zilikuwa na betri za mtengenezaji mwingine, zilizo salama. Wanunuzi walilalamika kwamba wamebaguliwa. Simu zao zote, zaidi ya 190,000, ziliitwa Oktoba 11, baada ya hata simu za kubadilishia kuanza kuwaka. Januari 2017 kampuni yenyewe ilikiri kwamba betri za watengenezaji wote wawili zilikuwa na kasoro.

Je, tunajifunza nini? Panapokuwa na shaka juu ya uhai wa watu, hasara aibebe muuzaji, wala si mnunuzi. Na onyo litolewe kwa wote kwa wakati mmoja, kwani moto hauchagui taifa.

Nasi tusijitoe lawamani. Anayemuuzia jirani simu ambayo betri yake imevimba, huku akijua, anatenda dhuluma ile ile. Ndugu, tudai haki kwa wenye viwanda, na tuitende sisi kwa sisi.