Usimfiche Mganga Kikohozi Chako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani,

Wengi wenu mnaniita daktari. Asante kwa heshima hiyo, lakini mimi ni msaidizi wa daktari. Baba yangu alikuwa mchimba mawe kama ninyi, na kazi hii nilijifunza katika shule ya ufundi wa uganga. Ninampokea mgonjwa, ninamwuliza, ninampima, ninamtibu ugonjwa ninaouweza, na ule unaonishinda ninampelekea daktari.

Kazi hii ina historia katika nchi yetu. Shule ya wasaidizi wa waganga ilifunguliwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1936. Tulipopata uhuru mwaka 1960, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka, na wasaidizi wale wakabaki na wagonjwa. Baadhi yao walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari.

Mimi nashika neno moja: kumsikiliza mgonjwa kabla ya kushika sindano. Lakini nitasikia nini, ikiwa mgonjwa ananificha?

Nasema habari ya kikohozi. Mtu anakohoa mwezi mzima, lakini akifika disipanseri anasema anaumwa mgongo. Anaogopa kuondolewa chini ya udongo na kupunguziwa mshahara. Hofu hiyo siidharau, maana watoto wanakula kwa mshahara huo. Hata hivyo, hesabu yake si sawa.

Mashine inapotoboa jiwe kavu, vumbi jembamba la silika, lisiloonekana kwa macho, linashuka mpaka ndani ya mapafu na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo ni silikosi. Hauna dawa ya kuuponya. Linalosaidia ni kuondoka katika vumbi mapema. Tena mapafu yenye silikosi yanashikwa upesi na kifua kikuu. Hicho kinapona, kwa kawaida kwa dawa za miezi sita zisizokatizwa. Kisipotibiwa kinaweza kumwua mgonjwa, na kabla ya hapo kinamwambukiza mke na mtoto wanaolala naye chumba kimoja. Basi anayeficha kikohozi ili watoto wale, anawaletea watoto haohao ugonjwa.

Kwetu waganga kuna deni pia. Tusimkaripie mgonjwa, wala tusitoe siri yake nje. Na wakubwa wa kazi nawaomba hivi: mtu aliyeumizwa na vumbi la kazi apewe kazi nyingine bila kutupwa katika njaa. Mkimwadhibu anayesema kweli, wenzake wote watanyamaza.

Sasa shika haya:

Kikohozi kikipita wiki mbili, njoo tupime makohozi. Ukitema damu, usingoje hata siku moja. Ukitokwa jasho usiku au ukikonda bila sababu, njoo pia.

Toboa jiwe kwa maji, wala usivue kinyago chako kwa sababu ya joto.

Nguo za kazi usizikung'ute nyumbani. Ziloweshe kwanza ndipo zifuliwe.

Nawe mama, wewe ndiwe unayesikia kikohozi cha usiku. Mume wako akikataa kuja, fuatana naye mpaka mlangoni kwetu. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Njooni mapema, mseme kweli, nasi tutawasikiliza.

Msaidizi wenu wa daktari