Programu ya Kiwanda na Gunia la Alizeti

Siku hizi programu za kompyuta za kupangia kazi za viwanda hazitajwi mijini tu. Zatajwa hata katika mikutano yetu, na baadhi ya wanachama hudhani kuwa chama kikipata moja, basi biashara ya mafuta ya karafuu itajiendesha yenyewe. Sisi hatuzichukii programu hizo. Lakini twaona yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe, na mfano ulio mwepesi kuufahamu uko Bara, katika nyanda za kati za Dodoma na Singida, wanakokamua alizeti.

Huko mvua ni ya msimu mmoja, tangu Disemba hata Aprili hivi, na alizeti huvunwa baada yake. Miezi michache mashine za kukamua hunguruma mchana kutwa. Mbegu zikiisha, nyingi hulala kimya hata mavuno mengine. Kwa hiyo mkamuaji hana budi kujua mapema anunue kiasi gani, na hapo ndipo programu inapomfaa.

Programu ya namna hii, iwe ya kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972, au ERPNext ya Wahindi itolewayo bure, huanza kwa swali ambalo mwenye mikarafuu anajua jibu lake tangu utotoni: kitu hiki hutokana na nini, na kwa kiasi gani? Sisi twajua kuwa kilo 3 hivi za karafuu mbichi hutoa kilo 1 kavu. Hiyo ndiyo orodha ya mahitaji, wala si elimu ngeni.

Tuseme mkamuaji wa Singida ameagizwa madumu 50 ya lita 20, yaani lita 1,000, ambazo ni kilo 920 hivi. Ikiwa kila kilo 100 za mbegu humpa kilo 25 za mafuta, programu itamwambia atafute kilo 3,680, yaani gunia 57 za kilo 65. Lakini ikiwa mbegu zina mchanga na makapi, na kwa kweli hupata kilo 22 tu, zatakiwa gunia 65. Gunia 8 hizo kompyuta haizioni. Amezificha yule aliyeandika 25 kwa kukisia.

Kisha programu huuliza njia ya kazi: kupepeta, kukamua, kuacha mafuta yatulie, kuchuja, kutia madumuni. Kila hatua ina mahali pake na muda wake. Mashine ikamuayo kilo 100 kwa saa itataka karibu saa 37 kwa mbegu zile za kwanza, nazo ni siku 5 za kazi. Mwenye kumwahidi mteja siku 3 amesema uwongo, hata karatasi ya kompyuta ikiwa nzuri namna gani. Ndipo hutolewa hati ya kazi, isemayo nini kitengenezwe, kiasi gani, na lini. Jioni msimamizi huandika kilichotumika hasa na kilichopatikana hasa. Tofauti baina ya lililopangwa na lililotokea, kwa rai yetu, ndiyo thamani yote ya programu.

Halafu kuna mashudu. Sehemu kubwa ya kila gunia hubaki mashudu, chakula cha ng'ombe na kuku, nayo huuzwa kwa fedha. Asiyeyaandika ataona mafuta yake yamemgharimu mno, na atatafuta fidia kwa kumpunja mkulima bei ya mbegu. Jambo hili latugusa sisi wakulima, maana kiwanda kisichojua gunia moja hutoa nini hakiwezi kusema kwa haki gunia hilo lina thamani gani.

Mwenye kudhani kuwa mpango mkubwa huponya hesabu mbovu na akumbuke Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mpango wa karanga, ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Mvua ya Kongwa si ya kutegemewa, na udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa karibu pauni milioni 36. Kujumlisha walijua, mvua na udongo hawakuvipima.

Turudi kwetu. Mafuta ya makonyo hutolewa kwa mvuke, kama ifanywavyo katika kiwanda cha Wawi, Pemba. Penye kazi hiyo yapo makonyo, maji, moto, na saa za kungojea. Makonyo makavu na makonyo yenye unyevu hayalingani kwa uzani, basi mwenye kuyaandika yote kwa jina moja atajidanganya mwenyewe. Wanachama wanaotaka kutoa mafuta pamoja tunawaomba wapime msimu mmoja kwa mizani na daftari: kila mzigo, kila saa ya moto, kila kilo ya mafuta. Programu ije baada ya hapo. Hata ile ya bure humtaka fundi wa kuiweka na karani wa kuilisha hesabu kila siku, na hao hulipwa.

Mizani tunayo. Atakayeshika daftari hatujaambiwa ni nani, nasi tunaiomba kamati imtaje kabla ya uchumaji wa vuli kuanza.